Mtu wa Kipimo

Koti lilining'inia kwenye msumari wa mlango wa roshani, vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni, na juu yake, kwenye msumari uleule, kofia ya pama. Mtu aliyelitazama kutoka chini, kwenye mabenchi ya watazamaji, angeapa kwamba kuna mzee kasimama huko juu, kawapa watu mgongo, anasubiri kuitwa. Mlinzi wa jengo alikuwa ameliona hivyo alfajiri, na tangu hapo hakutaka kuvuka mlango mkuu.

"Mimi nitakujibia hapahapa nje," alimwambia mpelelezi. "Humo siingii. Nyumba hii imetoa hukumu za kunyonga, afande. Ikishazoea kula watu haiachi."

"Uliiona ikimla?"

"Sikuiona. Nilikuwa huku, naangalia basi."

"Basi ulicho nacho ni woga, na woga hauandikwi kwenye jalada. Baki hapo. Mtu asiingie."

Mpelelezi huyo alikuwa mwanamke wa makamo ambaye kituoni walimwita Mizani, kwa sababu neno lolote alilopewa alilipima kabla ya kulipokea, na aghalabu alilikuta pungufu. Jalada alilokabidhiwa asubuhi hiyo lilikuwa jembamba. Wasanifu majengo waliokuja kwenye kongamano la kanda walikuwa wametembezwa jana mchana kuona majengo ya kale ya mji: kwanza mnara wa maji, kisha ghala la baridi lililohifadhi nyama na samaki enzi zake, na mwisho hapa, mahakama ya zamani, iliyoachwa tangu mpya ilipojengwa. Miongoni mwao alikuwemo profesa mstaafu, mrefu kupita kiasi, ambaye vizazi vya wanafunzi wake vilimwita Mlingoti. Watu walimwona akiwa juu ya roshani. Hakuna aliyemwona akishuka. Roshani ina ngazi moja tu, na mlango wake unaingia katika chumba kidogo cha majaji chenye dirisha la nondo. Wajumbe waliporudi kwenye basi, kiti chake kilikuwa kitupu.

Askari wa zamu ya usiku hawakulala. Walikuwa wameng'oa nusu ya sakafu. Kizimba cha washtakiwa kilikuwa kimesukumwa ukutani, mbao zimelundikwa juu ya meza ya karani, na harufu ya udongo uliofunikwa miaka mingi ilikuwa imejaa ukumbini. Aliyewaongoza alikuwa raia, mwanamume mfupi, mkakamavu, mikono ya shati imekunjwa, aliyepiga magoti sakafuni mbele ya ramani.

"Hapa kuna uwazi chini," alikuwa akiwaeleza, kidole chake kikifuata mstari. "Mahabusu waliletwa kwa njia ya chini. Kama mzee alikanyaga ubao uliooza kule juu, ukuta huu ni wa tabaka mbili. Angeweza kutumbukia katikati yake." Alimwona Mizani akasimama, akajifuta mikono. "Mimi ni mkwe wake, afande. Mimi pia msanifu. Jana nilikuwa mtu wa nyuma katika msafara, kuhakikisha hakuna anayesahaulika. Na aliyesahaulika ni baba mkwe wangu mwenyewe."

"Funguo za majengo ulikuwa nazo wewe?"

"Zote. Nimezirudisha kwa kamati leo asubuhi."

"Na huko juu ulipanda?"

"Mwishoni, kukagua. Sikuona mtu. Koti sikuliona pia, mlango ulikuwa wazi umelificha. Hilo ndilo linaloniuma."

Mizani aliyaandika hayo. Kisha alikwenda kwenye benchi la watazamaji, ambako mwanamke mmoja alikuwa amekaa peke yake, begi dogo mapajani, macho yake hayatoki kwenye koti.

"Wewe ndiye binti?"

"Ndimi. Wa pekee."

"Begini mna nini?"

"Sindano zake za sukari. Ya jana jioni hakuchoma. Ya leo asubuhi hakuchoma." Alizungumza taratibu, kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni. "Nikikuuliza kama baba yu hai, utaniambia kweli?"

"Nitakuambia ninachokijua. Sasa hivi sijui."

"Basi nitakapokuuliza tena, uwe unajua."

Mizani hakuchukizwa. Alikaa kando yake. "Alikuwa na kawaida ya kutundika koti?"

"Baba?" Mwanamke alitoa sauti iliyokaribia kuwa kicheko. "Baba hulitupa popote anapolivua. Mama alimwandama kwa hilo mpaka akaenda kaburini. Siku hizi wakitoka pamoja, mkwewe ndiye hulibeba. Mume wangu, baba pacha, hambebeshi mzee wake hata gazeti."

"Wanapatana?"

"Kama mtu na mwanawe. Siku ya harusi yetu mpiga picha alimkalisha baba kitini. Alisema akisimama, bwana harusi ataonekana kama mtoto wa kubeba pete. Aliyecheka kuliko wote alikuwa bwana harusi mwenyewe." Kisha akakumbuka aliko, akalivuta begi karibu.

Mizani alipanda roshani akifuatwa na Koplo, kijana mnene aliyependa utani na kuogopa ngazi. Kila hatua ilitoa sauti, na sauti hiyo haikuishia hapo. Ilizunguka dari na kurudi nyuma yao, kana kwamba kuna mtu wa tatu anapanda kwa uangalifu, akisimama kila waliposimama.

"Nyumba ina mwangwi tu," alisema Koplo. Hakuna aliyemuuliza.

Walilitazama koti bila kuligusa. Lilikuwa koti refu la kazini, rangi ya majivu mepesi, la mtu anayejali vitambaa. Mfukoni mlichomoza tepu ya kupimia na penseli iliyochongwa kwa kisu. Hakukuwa na damu, wala kifungo kilichochomoka, wala dalili ya mvutano. Mtu aliyeburutwa hatundiki koti. Mizani aliinama kwenye pindo. Kuanzia mbele hadi nyuma, ukingo wote wa chini ulikuwa na vumbi, mstari mmoja mweusi uliokolea, kama tambara la deki lililopita kwenye ngazi.

"Koti hili humfika wapi Mlingoti?" alimuuliza binti kutoka juu.

"Katikati ya muundi."

Mizani alilitazama vumbi tena. Aliinua mikono ya koti kwa ncha ya kalamu, akaikagua, akaigeuza. Zaidi ya pindo, koti lilikuwa safi.

*

Wajumbe wa kongamano walikuwa wamezuiwa kuondoka, nao walijazana katika ukumbi wa mikutano kama abiria wa safari iliyoahirishwa. Mizani aliwahoji mmoja mmoja, na mmoja baada ya mwingine alimshangaza kwa namna ileile. Mzee mmoja aliweza kumweleza maua ya plasta ya dari ya mahakama, jani kwa jani. Hakuweza kusema kama profesa alivaa miwani. Mwingine aliikumbuka rangi ya kila kigae cha ngazi. Aliulizwa alikaa na nani kwenye basi, akafikiri kwa muda, akakiri hajui.

"Mlipiga picha?"

Walipiga. Kila mmoja alipiga. Koplo alizikusanya zote na kuzionyesha kwenye kioo kikubwa cha ukumbi, taa zikiwa zimezimwa. Nguzo zilipita, matao yakapita, korido ndefu zikapita, moja ikifuatwa na nyingine. Katika picha zote hizo, za ziara iliyojaa watu hadi wakakanyagana, hakukuwa na mtu hata mmoja. Ngazi zilikuwa tupu. Milango ilikuwa wazi na hakuna anayepita. Mahakama ilionekana kama mji uliokimbiwa ghafla, sufuria bado jikoni.

"Afande," alinong'ona Koplo, "una hakika hili kongamano lilihudhuriwa? Mimi naona lilihudhuriwa na nguzo."

Sauti ya mwanamke ilijibu gizani. "Sisi hungoja watu watoke. Mtu huharibu mstari wa jengo." Alikuwa msanifu mwenye nywele za mvi zilizokatwa chini kabisa, kamera shingoni, ambaye wenzake walimwita Bi Lenzi. "Ukitutaka ushahidi wa watu, umekuja kwa watu wasiofaa."

"Naanza kuona."

"Lakini mimi ninayo moja yenye mtu."

Iliwekwa kwenye kioo. Roshani ya mahakama ilionekana kutoka chini, mlango wa mbao mzito katikati, na mbele ya mlango mtu aliyetoa mgongo: koti refu, kofia ya pama, mkono mmoja umeshika kiuno. Baada ya picha zote zile tupu, umbo hilo moja lisilo na uso lilifanya waliokaa nyuma wainuke kulitazama. Mtu mmoja kwenye viti vya mbele alivuta kiti chake nyuma.

"Nilimwomba mwenyewe," alisema Bi Lenzi. "Jengo bila mtu halina ukubwa. Ndiyo maana kila mchoro tunauwekea kijitu pembeni, mtu wa kipimo. Nilipomwona pale nikamwita, Profesa, simama hapohapo nipate kipimo. Akasimama."

"Alikujibu?"

"Aliinua mkono."

"Hakugeuka?"

"Hakugeuka, na mimi nikashukuru. Mtu wa kipimo akiwa na uso, watu hutazama uso."

"Mtu akiniita nyuma yangu kwenye nyumba ya namna ile," Koplo alisema, "mimi ningegeuka hata nisipoombwa."

Bi Lenzi hakucheka. Alikuwa anaitazama picha yake kwa uso wa mtu aliyeudhiwa na jambo dogo. "Kitu kimoja tu kilinikera. Jana jioni nilikaa nikaupima ule mlango kwa kumtumia yeye. Ramani ya zamani imekosea. Mlango ni mkubwa kuliko ulivyochorwa, karibu nusu mita. Nimeandika dokezo, nilitaka kulisoma kikaoni."

Mizani alisogea hadi kwenye kioo, kivuli chake kikaangukia roshani. "Uliupima kwa tepu?"

"Tepu ya nini? Urefu wa Mlingoti nani asiyeujua? Alikuwa akijisimamisha mwenyewe ubaoni darasani. Mtu ni rula, alikuwa akisema, jueni urefu wenu na hamtapotea."

"Na kama ramani iko sahihi?"

Bi Lenzi aliitazama picha yake upya.

"Niambie jambo jingine," Mizani aliendelea kwa sauti ileile. "Mlingoti aliijua mahakama hii?"

"Aliiandikia kitabu kizima."

"Aliwaeleza nini mlipofika?"

Vichwa viligeuka, safu moja hadi nyingine. Walikuwa wakitazamana. "Hakutueleza kitu," alisema yule mzee wa maua ya plasta. "Ajabu. Na ni mtu asiyenyamaza. Mimi nilidhani yuko na kundi la mbele."

"Na mimi nilidhani yuko na kundi la nyuma," alisema mwenzake.

"Sauti yake mliisikia wapi mara ya mwisho?"

"Ghala la baridi," alijibu Bi Lenzi polepole. "Alikuwa akituonyesha kuta. Zimepakwa lami, juu yake yakabandikwa magome mepesi, yale ya kutengenezea vizibo vya chupa, ili joto lisipite. Alisema hata sauti haipiti. Akatuambia tutangulie, yeye anataka kuona chumba cha ndani kabisa." Aliinua mkono wa blauzi yake. Kwenye kiwiko kulikuwa na alama nyeusi. "Tulioingia mle sote tumetoka na chapa. Haitoki hata kwa mafuta ya taa."

Mizani aliitazama alama hiyo, kisha akatazama mikono ya waliokaa karibu. Kiwiko hiki, bega lile, nyonga ya suruali ya yule. Koti la rangi ya majivu halikuwa na tone la lami.

"Koplo, piga simu. Gari la wagonjwa lije ghala la baridi. Askari watangulie na mkasi wa chuma, wasingoje funguo. Mimi napitia mahakamani. Bi Lenzi, njoo na kamera yako."

*

Mahakamani kazi ya kung'oa ilikuwa ikiendelea. Mkwe alikuwa amewafikisha askari kwenye ukuta wa pili, na nyundo zilikuwa zikipiga. Kila pigo lilizunguka dari na kurudi. Mizani aliinua mkono, nyundo zikanyamaza, lakini mwangwi ulichukua muda wake.

Koplo alipanda na tepu. Aliupima mlango kutoka kizingiti cha chini hadi cha juu, akasoma namba kwa sauti. Ilikuwa ileile ya kwenye ramani, pungufu ya upana wa kidole.

"Mlimwamini mtu, mkaushuku mlango," Mizani alimwambia Bi Lenzi. Hakulisema kwa kejeli. "Simama uliposimama jana. Koplo, simama mbele ya mlango, mgongo kwetu."

Bi Lenzi alipiga picha, akaiweka kando ya ile ya jana kwenye kioo kidogo cha kamera. Koplo, ambaye hakuwa mrefu wala mfupi, bila kofia alimzidi kimo waziwazi mtu wa jana mwenye kofia.

"Mungu wangu," Bi Lenzi alisema chini ya pumzi. "Nimepiga picha ya nani?"

Mkwe alikuwa amesimama kando ya meza ya karani, nyundo ya fundi bado mkononi, ingawa hakuwa ameitumia. Mizani alimgeukia kwa adabu kamili.

"Bwana msanifu, nisaidie kidogo. Panda pale, simama mlangoni, nipate kipimo."

"Koplo si ameshasimama?"

"Ameshasimama. Sasa wewe."

"Afande, tunapoteza muda. Mzee yuko ndani ya ukuta huu, mimi nina hakika..."

"Nenda, baba pacha," alisema mkewe kutoka benchini. Alikuwa hajaelewa, alitaka tu mambo yaende haraka. "Simama wanavyotaka. Wanamtafuta baba."

Aliweka nyundo chini. Alipanda. Nyayo zake zilizunguka ukumbi, na zile nyingine, za mwangwi, zikamfuata. Alipofika juu aligeuka kuwatazama.

"Geuka," alisema Mizani. "Mgongo."

Aligeuka. Mbele yake palikuwa na lile koti na ile kofia, na kutoka chini ilikuwa kama watu wawili wa umbo moja wamesimama karibu mno, mmoja mbele ya mwenzake, wakinong'ona. Alikaa hivyo. Kisha, polepole, bila kujua, mkono wake mmoja ulikunjika na kushika kiuno.

Bi Lenzi hakupiga picha. Alimpa binti kamera, naye akaitazama ile ya jana, akainua macho, akaitazama tena.

"Hivyo ndivyo anavyosimama," alisema, "akiwasubiri pacha wavae viatu."

Mtu wa roshani hakugeuka.

"Sikuulizi kwa nini," Mizani alimwambia kutoka chini. "Hilo lina siku yake. Ulibeba koti na kofia ya mkweo ili visiguse lami, akaingia chumba cha ndani, ukafunga mlango. Ukaja hapa na koti mkononi kama kawaida yako, ukajivika yeye. Ulipita nyuma ya nguzo wenzako wakitazama dari. Ulikusudia uonekane mara moja, kwa mbali, kisha uvue na ushuke ukiwa wewe, mtu wa nyuma ambaye hakuna anayemtazama. Ukaitwa usimame. Usingeweza kukataa, sauti yako ingekufichua. Sasa ninachotaka ni kimoja. Ghala lina vyumba vingi, vyote vina milango ya aina moja. Chumba kipi?"

"Nataka wakili," alisema mkwe, akiuambia mlango.

"Baba pacha." Mkewe alikuwa amesimama, begi kifuani. "Chumba kipi?"

Mabega ya mtu yule yalipanda na kushuka. "Alikuwa aseme leo mbele ya wote," alisema. "Kwamba ule ukumbi wa shule nilioujenga dari yake inashuka. Kwamba watoto watolewe. Nilimwomba anipe muda, mama pacha. Nilimwomba kwa jina lako. Angetumaliza."

"Sikukuuliza hilo."

Hakukitaja chumba. Askari wawili walipanda kumchukua. Mizani alikuwa tayari mlangoni, na binti alimpita akikimbia.

*

Ghala la baridi halikuwa na dirisha. Lilikuwa sanduku la matofali lenye korido moja ndefu katikati, na pande zote mbili milango minene ya bati yenye wenzo wa chuma wa kuifungia. Askari walikuwa wameshakata kufuli la nje na kuanza milango ya karibu. Jua lilikuwa kali nje, lakini hatua chache ndani lilikuwa limekatika kama uzi.

Kilichomshtua Mizani hakikuwa giza. Mahakamani kila sauti ilirudi mara tatu; humu hakuna kilichorudi. Aliita jina la heshima la mzee, na neno lilitoka mdomoni likafa hapohapo. Koplo aliongea kando yake na ilikuwa kama anaongea akiwa amefunikwa mto wa kulalia. Ungeweza kusikia damu yako masikioni.

"Gongeni milango," alisema askari mmoja.

"Usigonge, fungua," alijibu Mizani. "Mle ndani hawasikii kitu, nasi hatutasikia."

Mlango wa mwisho, upande wa kushoto, wenzo wake ulikuwa umeingizwa kipande cha nondo ili usiinuke. Koplo alikichomoa. Mpira wa ukingoni ulikuwa umeshikana na fremu, na mlango ulipoachia ulitoa mvuto wa hewa, kama mtu aliyeamka kwa kushtuka.

Tochi ilipita ukuta mweusi, kisha sakafu, kisha viatu viwili vikubwa vilivyonyooshwa.

Mlingoti alikuwa amekaa ameegemea bomba nene lililopita kwenye ukuta, miguu yake mirefu mbele, kichwa kimelala begani. Shati lake jeupe lilikuwa na lami mgongo mzima. Mizani alipiga goti, akaweka vidole shingoni, akahesabu. Alikuwa anasikia pumzi ya binti nyuma yake, ya mtu anayesubiri jibu aliloahidiwa.

"Yu hai," alisema. "Hilo nalijua."

Binti hakulia. Alikaa sakafuni, akafungua begi, akampisha mhudumu wa gari la wagonjwa apime sukari, akaelekeza ni sindano ipi. Mzee alifungua macho kwa tabu. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu kabla ya kumwamini.

"Nilikaa kimya," alisema. Sauti yake ilikuwa kama karatasi. "Nisimalize hewa. Chumba kikubwa, mtu mmoja... nilijua inatosha, nikitulia." Alihema. "Mumeo mmempata?"

"Tulia, baba."

"Amefungiwa na yeye. Chumba cha jirani. Mlango ulijifunga, naye alikuwa nje na koti langu, nikajua amekwenda kutafuta njia na amekwama. Sauti haipiti ukutani. Lakini bomba..." Aligusa bomba aliloegemea. "Nikawa nagonga kwa funguo zangu. Ajue nipo. Asiogope."

"Uligonga wakati wote?" Mizani aliuliza.

"Wakati wote. Kuna wakati akanijibu."

Koplo alishusha tochi.

"Alikujibu vipi, mzee?"

"Kama nilivyogonga. Nikigonga mara mbili, mbili. Nikigonga tatu, tatu. Muda mrefu kidogo. Nilifurahi sana."

Mizani alisimama. Bomba lilitokeza upande wa pili, na upande wa pili hapakuwa na chumba ila korido. Alitoka koridoni akalifuata kwa mwanga wa tochi hadi lilipotoboa ukuta, kimo cha kifua cha mtu mfupi. Rangi ya kijani ya zamani ilikuwa imepigwa ikabanduka mahali pamoja, chuma kinang'aa, na vipande vyake vilikuwa sakafuni juu ya vumbi, vipya. Mbele ya vipande hivyo, vumbi lilikuwa na alama za viatu vilivyosimama mahali pamoja kwa muda mrefu, vikibadilisha mguu. Kutoka hapo hadi kwenye wenzo wa mlango ulikuwa umbali wa mkono.

Aliporudi, binti alikuwa anamtazama. Alikuwa amemwona alikokwenda na aliyaona macho yake.

"Jana jioni alitoka," alisema binti, kwa sauti ya chini kabisa. "Alisema anakwenda kumtafuta baba."

Mizani aliinamisha kichwa.

Mzee hakuwa amesikia. Alikuwa bado ameshika bomba. "Kisha akanyamaza," alisema. "Niligonga, niligonga, hakujibu tena. Nikajua hewa yake imekwisha kabla ya yangu. Alikuwa na woga sana yule kijana, alipumua haraka." Machozi yalikuwa yamekauka mashavuni mwake kwenye lami, yameacha njia mbili. "Nikamlilia, mwanangu. Humu gizani nikamlilia mumeo mpaka nikakosa mate."

Binti alifungua chupa ya maji, akamwinua baba yake kichwa kwa kiganja.

"Hukukosea kulia, baba," alisema. "Kunywa."